Mistari Mia Tano na Kumi na Mbili

Riziki mwanangu,

Salamu sikupi, leo tumeshasalimiana mara nne na siku bado haijaisha. Kaa tu usome. Mwandiko wangu unaujua, herufi kubwa kama za mtu anayepaka rangi ukutani, lakini kila moja nimeichora mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Shule niliiacha darasa la nne, na katika hilo darasa la nne nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Hesabu mwenyewe.

Wewe na mama yako mmeshuka Liverpool, hii ya hapa Sydney, kununua begi, mimi nimebaki na meza, kalamu mbili na chai ambayo imeshapoa. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Perth, kisha kidege kidogo mpaka huo mji wa machimbo ambao jina lake nimejaribu kulitamka mara tatu na ulimi umegoma. Habari za sweta, za kula vizuri, za kusali, za kupiga simu Jumapili, mama yako ameshakwambia na kesho atakwambia tena. Mimi hapo sigusi.

Nina jambo moja. Jana uliniuliza, "Papa, mbona Mama haongei na wewe?" Nikakujibu kichwa kinamuuma. Haikuwa kweli. Haongei nami kwa sababu jana mchana, wewe ukiwa kazini kuwaaga wenzako, nilimwambia kitu nilichomficha tangu kabla hujazaliwa. Nilimwambia kwa ajili yako. Sasa nakwambia na wewe, kwa sababu usipokijua utatoka hapa umebeba fundisho langu moja bovu, na huko unakokwenda, ambako usiku nesi ni wewe peke yako na daktari yuko kwenye kioo cha simu, fundisho hilo litaua mtu.

Unakumbuka siku ile ulipokaa kwenye kiti cha karibu na friji, uso bado una alama za barakoa. Ukatueleza habari za ile pampu mpya ya dawa kule nyumba ya wazee. Wenzako walionyeshwa namna ya kuitumia wiki ile wewe ulipokuwa umefungiwa chumbani na korona, mimi nakuachia sahani mlangoni kama mfungwa. Uliporudi ukaona aibu kuuliza. Ukabonyeza kama ulivyodhani. Yule bibi uliyekuwa unamhudumia angeingiziwa dawa ya siku nzima kwa saa moja, kama mwenzako yule Mfilipino asingepita akaziona namba.

Nikakuuliza, "Kwa nini hukuuliza?"

Wewe kila siku mimi nasema Kiswahili, unanijibu Kiingereza. Siku hiyo ulinijibu Kiswahili. Ulisema, "Papa, si wewe ndiye uliyenifundisha?"

 

Ni kweli ni mimi. Ulikuwa na miaka tisa, hata mwaka hatujamaliza hapa Macquarie Fields, ukarudi kutoka shule unalia kwamba ulimwambia mwalimu hujui, na watoto wakacheka. Nikakuweka mapajani nikakwambia: usiseme hujui. Ukisema hujui, watu watakupanda mabegani. Nyamaza, angalia, kisha fanya. Nikakuambia ndivyo baba yako alivyofika hapa. Na nilikuwa sisemi uongo. Foklifti, ile gari ya kunyanyua mizigo, nilijifunza kwa kumwangalia Msamoa mmoja siku mbili, ya tatu nikapanda, sikumwuliza mtu. Zile rafu zilizoanguka siku hiyo zilikuwa zimefungwa vibaya na mtu mwingine, mpaka leo nasema hivyo. Miaka kumi na miwili niliendesha kwenye ghala lile, na msimamizi alikuwa akiniita mimi kama kuna mzigo ambao vijana wanauogopa.

Lakini fundisho hilo sikulianzia kwenye foklifti. Nililianzia kwenye kompyuta.

Naona unacheka. Papa na kompyuta. Simu yenyewe unanifungulia wewe. Basi sikiliza. Kabla hujazaliwa, kwenye kambi nzima, watu wengi kama mji mzima wa Campbelltown hapa jirani, waliokuwa wanajua kuwasha kompyuta walikuwa wawili, na mmoja alikuwa baba yako.

Unajua kwamba nilivuka ziwa nikaingia Tanzania mtu mzima, miaka arobaini na kitu, vita vimeshanichukulia mke wangu wa kwanza. Kambini walinipa kazi ya kulinda biro, ofisi moja ndogo ya mabati. Ilikuwa biro ya kutafuta ndugu waliopotezana. Mtu anakuja, anasema mimi ni fulani, natafuta fulani, mara ya mwisho nilimwona mahali fulani. Siku akitokea yule anayetafutwa naye akauliza, majina yanakutanishwa. Nimeona watu wakikutanishwa pale mbele ya macho yangu. Wengine hawakukumbatiana hata, walikaa tu chini mavumbini wakaangaliana.

Kwanza kazi ilikuwa ya karatasi. Kisha wazungu fulani wakaleta kompyuta, ordinateri kama tunavyoiita sisi wa Kongo. Kwao ilikuwa ya kutupa, ya zamani hata kwa wakati ule. Haikuwa na picha, haikuwa na ile panya ya kusukuma. Kioo cheusi na herufi za kijani. Mwenye biro alikuwa Domitila, binti wa Bukavu aliyesoma sana, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayemimina mafuta. Kila ombi la kutafutwa mtu aliliwekea faili yake, na faili akaiita kwa jina la anayetafutwa. Mimi mlinzi nilikuwa nasimama nyuma yake. Nyamaza, angalia. Mwezi wa pili nikamwambia, "Dada, toka nikuonyeshe." Nikaandika ombi zima, nikalihifadhi. Sikujua Kiingereza hata cha kuomba maji, lakini nilikuwa nayajua maneno ya mashine ile kwa sura yake, kama unavyowajua watu kwa sura bila kujua wanaitwaje.

Watu wakaanza kuniita Mzee wa Mashine. Nikitembea sokoni mtu ananiachia njia. Riziki, sikudanganyi, utamu wa kitu kile nilikuwa sijawahi kuuonja. Mlinzi, darasa la nne, watu wenye diploma wamepanga foleni wananisubiri mimi.

Domitila akawa na mimba, siku zikakaribia. Wiki ya mwisho akaniita.

"Mzee, majina yanakaribia mia tano. Kuna kitu lazima nikuonyeshe."

"Onyesha."

"Hii mashine ni nyumba kubwa, ndani kuna nafasi hatujaitumia hata robo. Lakini pale mlangoni ina daftari la kuandika wageni, na daftari hilo lina mistari mia tano na kumi na mbili tu. Waliolitengeneza walilikata hivyo, haliongezeki. Mistari ikiisha, mgeni mpya haingii hata nyumba ikiwa tupu. Dawa yake ni kutengeneza vyumba huko ndani. Chumba kina daftari lake, na la chumbani halina mwisho. Unawahamishia humo. Unanisikia?"

"Nasikia."

"Nimesema nini?"

"Vyumba."

"Vinatengenezwaje?"

Mlangoni walikuwa wamesimama watu sita wananiangalia. Nikamwambia, "Dada Domi, nenda ukajifungue. Mtoto hawezi kungoja mashine."

Akacheka, akashika mgongo. "Nikuandikie kwenye karatasi?"

"Mimi na karatasi wapi na wapi? Nimeweka kichwani."

Sikuwa nimeweka kichwani. Nilikuwa nimelisikia neno vyumba, basi.

Akaenda. Mtoto alikuja kwa shida, akakaa zahanati, kisha kwa mama yake mtaa wa mbali kabisa wa kambi. Miezi mitatu. Ungetembea saa moja na nusu ungemfikia. Nakwambia hivyo ili ujue haukuwa mwendo.

Wiki ya tatu mashine ikakataa. Nimeandika ombi la baba mmoja anayetafuta mapacha wake, nahifadhi, inanitolea mstari wa Kiingereza ambao sura yake sijawahi kuiona. Narudia, inarudia. Naangalia ile namba ya chini inayosema nafasi iliyobaki: kubwa, ndefu, tarakimu nyingi kabisa. Nyumba ni tupu, mgeni haingii. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga kofi ubavuni. Foleni inaniangalia. Mama mmoja akasema, "Leo Mzee wa Mashine kashindwa na mashine." Watu wakacheka kidogo, si sana, kicheko cha uchovu tu.

Kama siku ile ningesema, jamani, sijui, ngojeni nimfuate Domitila, leo nisingekuwa naandika barua hii.

Nilikuwa najua kufuta. Domitila alinifundisha kufuta ili nitoe yale niliyoyakosea. Nikafikiri, kama mlango umejaa, mmoja atoke, mmoja aingie. Nikafuta jina moja, nikahifadhi lile la mapacha, likaingia. Nikageuka kwenye foleni nikasema, "Nani anayefuata?"

Ndivyo nilivyofanya kazi miezi miwili na zaidi. Kila anayeingia, namtoa mmoja. Nilikuwa nawatoa kwa akili, au hivyo nilijiambia. Wale ambao mtu aliyewaombea haji tena kuulizia. Nikasema hawa wameshapatana au wameshakata tamaa. Na karatasi za zamani ziliponyeshewa nilizitoa nje, wanawake wakaziwashia moto, nami nikawaambia chukueni tu, hapa sasa tuna mashine, mashine haisahau.

Sasa nakuja kwenye penyewe.

Kulikuwa na msichana, miaka kumi na saba, kumi na minane hivi, anaitwa Mapendo. Alikuwa anakuja kila Ijumaa na dumu la njano la maji, analigeuza, analikalia, anangoja zamu yake. Mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kifundo, ulikuwa na kovu la moto. Aliniambia ni uji, alipokuwa mdogo alivuta sufuria. Alikuwa anamtafuta dada yake mkubwa, walipotezana njiani usiku risasi zilipolia. Alipenda kunichokoza.

"Mzee wa Mashine, leo imesemaje?"

"Imesema uje Ijumaa."

"Mashine hii inapenda Ijumaa. Nadhani ni Mwislamu."

Anacheka, anafunika mdomo kwa kiganja. Miezi mitano, sita, hakukosa. Kisha akakosa Ijumaa moja, ya pili, ya tatu. Watu wakasema kuna malori yamepeleka baadhi ya watu kambi nyingine, mwendo wa siku moja. Nikasema basi, huyu amekwenda. Ombi lake likawa kati ya yale niliyoyafuta. Nakumbuka kidole changu kilivyokuwa pale.  Nyuma yangu kulikuwa na mtu anakohoa.

Haikupita hata wiki sita, mwanamke mmoja akaja, amefika kambini juzi, miguu imevimba. Akasema, "Naomba uniangalizie kama kuna anayenitafuta. Mimi naitwa Furaha."

Mama yako.

Kambini akina Furaha walikuwa wengi, jina halikunikumbusha mtu. Nikaliandika, nikatafuta. Hakuna.

"Tafadhali angalia tena."

"Mama, nimeangalia. Mashine haisahau. Hakuna anayekutafuta."

Nilisema hivyo, kwa maneno hayohayo. Akasimama akiwa ameshika ukingo wa meza. Akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Mdogo wangu angekuwa hai angenitafuta." Nikampa kiti changu na maji kwenye kikombe changu. Hayo ya kikombe unayajua, mama yako ndiyo huwa anawasimulia wageni, jinsi alivyonipendea ile siku ya kwanza kwa sababu nilimpa maji na sikumwambia asilie. Sehemu ya kwanza ya hadithi ndiyo hii ambayo hakuwa nayo.

Alikaa matanga. Wanawake wa mtaa walikusanyika kwake siku tatu, wakaimba, na mimi nilileta sukari ya chai nikakaa na wanaume nje. Riziki, nilikaa kwenye matanga ya mtu ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemtoa mlangoni, na sikujua.

Domitila akarudi na mtoto mgongoni. Akakaa kwenye mashine, akahesabu, akaniangalia. "Mzee, mbona kwenye hesabu zangu kunapungua watu?" Nikamwambia nimewatoa waliopatana.  Akatengeneza vyumba. Nilisimama nyuma yake nikaona. Kufuta mtu kwenye mashine ile ilikuwa herufi tatu. Kutengeneza chumba ilikuwa herufi mbili, kisha unakipa jina. Herufi mbili, mwanangu. Muda wa kupenga kamasi.

Mimi na mama yako tukaoana mwaka huohuo. Ilikuwa baadaye, wewe uko tumboni, tunakula, naye ananisimulia utoto wao kama mtu anavyosimulia wakati tumbo limeshiba. Akasema, "Mdogo wangu alikuwa mtundu, alivuta sufuria ya uji akaungua mkono wote huu." Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe, kutoka hapa mpaka hapa.

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Nikauliza, "Alikuwa anaitwa nani vile?" kana kwamba sijui. Siku zote za matanga wanawake walikuwa wakimwita marehemu kwa jina la nyumbani, Kadogo, na mimi sikuwa nimeuliza jingine. Akasema, "La kanisani lilikuwa Mapendo."

Hapo nilikuwa na nafasi bado. Ile kambi nyingine ilikuwepo, mwendo wa siku moja kwa lori. Ningesema pale pale, Furaha, mdogo wako yu hai, nilimwona, nimekosea. Nikafikiri ataniacha. Nikafikiri watu watasema kumbe Mzee wa Mashine hakujua mashine. Hilo la pili, naona aibu kukwambia, ndilo lililokuwa na uzito zaidi. Nikasema nitakwenda kimyakimya nikamtafute mwenyewe, nimlete, nionekane shujaa. Nikangoja kupata kibali cha kutoka. Wewe ukazaliwa. Nilipokwenda, ile kambi ilikuwa imeanza kuvunjwa, watu wa kwao Mapendo walikuwa wamerudishwa Kongo miezi minne kabla. Nikarudi nikamwambia mama yako nilikwenda kutafuta kazi.

Na ukakua, na jina la Mapendo mama yako amelitaja kila Krismasi mpaka hapa Sydney. Mwaka jana tulipofungiwa na korona, tunakaa hapa watatu tunaangaliana, hatuendi kanisani, hatuvuki kilomita tano, alikuwa anakaa dirishani anasema, "Afadhali walioniacha mapema, hawakuona haya." Nami niko nyuma yake naosha vikombe ambavyo vimeshaoshwa.

Kisha wewe ukasema lile neno kwenye kiti cha friji. Tangu siku ile nimekuwa nikikuona usiku mmoja huko jangwani, mtu amelala kitandani, mashine inalia, na wewe unabonyeza unavyodhani, kwa sababu ya mzee mmoja aliyeona aibu mbele ya foleni miaka mingi kabla hujazaliwa. Nikaona siwezi kukwambia wewe kabla ya mama yako. Ingekuwa kumwibia mara ya pili.

Basi jana mchana. Alikuwa anakaanga mikate ya safari yako. Nikamwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa sitasema. Nilimweleza yote, na mistari ya mlangoni, na Ijumaa, na herufi tatu. Akazima jiko. Mikate mitatu ikabaki kwenye mafuta inapoa.

Nilifikiri atapiga kelele. Akaniuliza, "Kwa hiyo alinitafuta?"

"Alikutafuta."

"Ijumaa ngapi?"

"Nyingi. Ishirini na zaidi."

"Alikuwa amekonda?"

"Si sana. Kama wote tu."

"Nywele?"

"Amesuka, za kulalia nyuma."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Na dumu la maji."

"Alikuwa anacheka?"

Nikamwambia alikuwa ananicheka mimi. Nikamwambia lile la mashine ya Kiislamu. Mama yako akaweka kiganja mdomoni, mabega yakamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka, na yeye nadhani hakujua.  Kisha akasema, "Miaka yote nilidhani aliniacha njiani bila kugeuka. Nilidhani alikufa ananikasirikia." Halafu akasema, "Toka jikoni kwangu."

Nikatoka. Nilisimama nje karibu na mapipa ya taka mpaka jirani yetu Mtonga akanipungia mkono, akadhani nangoja gari la taka, akaniambia linakuja Jumanne.

Leo asubuhi, wewe bado umelala, mama yako alikuja na karatasi mezani. Amezitoa kwa yule dada wa kanisani anayesaidia watu kwenye mambo ya ofisi. Ni za kutafuta ndugu. Bado zipo, hapa hapa Sydney, na wanaozishughulikia wanafika mpaka Kongo. Akazijaza mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri, hakunipa kalamu. Jina la anayetafutwa. Jina la nyumbani. Alama ya mwili, akaandika kovu. Alipofika pale panapouliza ni nani aliyemwona mara ya mwisho na wapi, hakuinua kichwa. Akaandika jina langu.

Sijui kama Mapendo yu hai. Sijui kama mama yako ataongea nami wiki hii au mwaka huu. Sijui kama wewe ukimaliza kusoma utagonga mlango wangu au utazima taa ulale. Hesabu, nimeandika sijui mara tatu na sijafa. Mkono umeuma kidogo tu.

Kwa hiyo lile fundisho la mapajani nalichukua, Riziki. Nilikupa mwenyewe, naliondoa mwenyewe. Kule ukikuta mashine usiyoijua, piga simu. Amsha mtu. Akikucheka, mwache acheke, kicheko cha watu wa foleni kinaisha kabla hawajafika nyumbani kwao. Mimi ndicho nilichokiogopa, na nimekibeba mpaka mwisho wa dunia, maana mbele ya hapa ni maji matupu na barafu. Mengine niliyokufundisha shika, ni mazuri. Namna ya kufunga mzigo ni nzuri. Namna ya kumkata kuku pia, hapo sina mpinzani.

Jinsi ninavyokupenda, unaniona, sijui kusema. Nilikuwa nakwenda kukuchukua kituo cha treni kila ukitoka zamu, hata ulipoanza kuniambia niache, umekuwa mkubwa. Nilikuwa napaki mbali na mlango, upande wenye giza kidogo, nikuone unatembea kabla hujajua nakuona. Unatembea kama Furaha alivyokuwa anatembea miguu ilipopona. Nilikuwa najiambia, huyu hakupotea. Katika wote waliopita mikononi mwangu, huyu nimemfikisha.

Nasikia gari, mmerudi. Barua hii naiweka juu ya mto wako. Soma leo, usingoje ndege. Nataka kesho asubuhi uwe unajua, kwa sababu mama yako ameniambia jambo moja tu tangu karatasi zile. Amesema kesho atakaa kiti cha nyuma cha gari na wewe. Kile cha mbele kitakaa begi.

Ni sawa. Mwulize habari za Mapendo. Mwulize walivyokuwa wadogo, mwulize mchezo waliocheza, mwulize uji ule ulikuwa wa nini. Kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege ni kama dakika arobaini asubuhi. Nitazima redio, nitaendesha polepole, na sitachangia neno.

Papa yako,
Byamungu